Usivigawe Vitabu vya Babu Yako

Mjukuu wangu, mume wangu wa kwanza Daudi,

Hapa Gulwe hatujambo. Usione wivu: bwana harusi wangu, Mzee Yohana, ananichemshia chai kila asubuhi, nami na uzee huu natabasamu kama msichana!

Lakini barua yako imenitia hofu. Unataka kununua kifaa cha kusomea vitabu, halafu vya karatasi uvigawe vyote, hata alivyokuachia marehemu babu yako.

Nilipokuwa sekondari, mwalimu aliniazima kitabu. Nikakificha ndani ya kihenge, chini ya mtama, kaka zangu wasikiguse. Siku ya kukirudisha nilikuta jalada tupu na udongo wa mchwa. Nilimpelekea mwalimu jalada lile. Akasema, "Mlango uliufunga, binti. Hukuuliza nani mwingine ana njia."

Basi muulize muuzaji: kifaa kikiharibika, vitabu nitavipataje? Akaunti ikifungwa, vitabaki? Nilivyopata kwingine vitafunguka? Akibabaika, ondoka.

Mzee Yohana ananicheka: "Usimtishe mume mwenzangu!" Lakini ninayeogopa ni mimi. Kinunue ukiridhika, ila vitabu vya babu yako nitumie. Aliandika pembeni kwa kalamu, na mwandiko ule hauuzwi popote.

Yohana ameshavichongea rafu. Miguu ya rafu ameisimamisha ndani ya makopo ya oili chafu, mchwa wasipande. Vitabu vya mwanaume mwingine, Daudi! Nisimpendeje?

Bibi yako, bi harusi