Mpaka Kwenye Lami Tu

Goma, Katindo,
siku ya yenga, 27 Oktoba 1996

Mupendwa mutoto yangu Louise,

Jambo sana, mama. Jambo kwa bwana yako Julien, jambo kwa tumbo lako na huyo aliye ndani. Unalala vizuri? Miguu ingali inavimba? Kunywa maji, usibebe ndoo, na usikubali mutu akutume sokoni kwa muguu. Kisangani kuna joto, na wewe ulikomalia kwenye baridi ya volkano, mwili wako unashangaa mpaka leo.

Sisi tuko wazima. Ukiniuliza habari nitajibu muzuri tu, juu njo vile watu wa Goma wanajibu, hata kama nyumba inawaka nyuma yao. Zamani niliona ni adabu. Sasa naona ni uvivu. Ukisema mbaya, mutu atauliza mbaya ya nini, na itabidi ueleze. Basi nieleze. Papa yako hayuko nyumbani tangu siku ya tano, na leo ni yenga, usiku mbili amelala nje.

Kaa chini, shika ukuta. Hajafa. Sijui kama hajafa. Naandika hajafa juu mukono wangu unakataa kuandika lile neno lingine.

Barua hii itachukuliwa na jirani yetu Asumini. Anapanda ndege pamoja na watoto wake, anawapeleka kwa kaka yake huko kwenu mpaka mambo yatulie. Yeye anafunga mizigo, mimi naandika haraka. Kama mistari inapanda mulima unisamehe, unajua nilitoka masomo nikiwa mudogo.

Ilikuwa hivi. Siku ya tano asubuhi alikuja muzee Nsanzimana, yule mulimaji wa Kibumba anayetuletea kabichi. Alikula, akanywa chai, akacheka na papa yako kama kawaida yao. Halafu tukasikia mabomu, upande wa kwake kabisa. Muzee akaweka kikombe chini. Muke wake, mama Mukamugema, alikuwa amebaki nyumbani peke yake. Akaomba ruhusa aende. Na papa yako unamujua: kabla muzee hajamaliza kusimama, kofia ilikuwa imeshafika kichwani.

— Donat, unaenda wapi?

— Namusindikiza mugeni.

— Na haya mabomu?

— Mpaka kwenye lami tu, mama Louise.

Mpaka kwenye lami tu! Sikuuliza lami ya wapi. Ile lami inaanza hapa karibu, inapita Munigi, inapita Kibati, inapanda na mashimo yake mpaka kule Rutshuru.

Assumani, bwana ya Asumini, aliwakuta wameshapita Munigi. Alikuwa anateremka na gari lake limejaa watu. Anasema papa yako alikuwa amebeba kapu tupu la mugeni, wanaongea kama watu wanaotoka arusi. Akawapigia honi: "Nyinyi wazee, dunia nzima inateremka, nyinyi munapanda?" Papa yako akavua kofia, akamuambia anasindikiza mugeni. Tangu hapo hakuna aliyemuona.

Louise, nimewaza sana juu ya hii mambo ya kusindikiza. Nani aliileta? Mugeni ametoka kwake peke yake, amefika peke yake, hakupotea. Akishakula bugali yetu njo anasahau njia? Unakumbuka papa yako na yule katekista? Alimusindikiza mpaka kwake. Katekista akaona haya kumuacha arudi peke yake, wakarudi wote wawili hapa. Hapa papa yako naye akashikwa na haya, wakatoka tena. Kama mvua haikunyesha wangalikuwa barabarani mpaka sasa.

Na yule Védaste wa nyuma yetu, wewe ulimuita mushenzi, na mimi pia. Mugeni akiaga, yeye anabaki kwenye kiti chake na kuonyesha mulango kwa kidevu. Leo nikitoka misa nilimuona uani ananyoa ndevu, muke wake anamushikia kioo. Nani sasa amelelewa vizuri? Huyo mujukuu wangu akiwa mwanaume, tafadhali mumufundishe kidevu.

Watu wanakaa na redio kwenye sikio ili wajue vita imefika wapi. Mimi naangalia wake za waskari wa kambi hapa Katindo. Redio inasema muji unalindwa. Jana mama askari mumoja alinipita na sufuria zake zote kichwani, na mukononi jiko la makala bado lina moto. Mutu hatembei na jiko la moto kama atarudi kupika jioni. Sikuhitaji habari ingine.

Na hilo neno mukimbizi, nani alilitunga? Ile kambi ya wageni wa Rwanda kule Kibumba yote imeteremka, na walimaji wa kule wamechanganyika nao. Wale waliopokea wageni na wale wageni wanabeba sasa muzigo mumoja, huwezi kujua nani alimukaribisha nani. Barabara imejaa, kuvuka kwenda kuchota maji ni kazi. Tangu misa nimekaa mulangoni, sijaona hata mukimbizi mumoja anayekimbia. Wanatembea polepole, godoro kichwani, mugonjwa mugongoni. Wale niliowaona wakikimbia walikuwa na bunduki.

Naangalia kofia. Kila kofia inayokuja moyo wangu unasimama. Kofia inapita, ni ya mutu mwingine, na moyo inabidi uanze tena kutembea.

Mudogo wako Charline amesoma juu ya bega langu. Amekasirika. "Mama, papa haonekani, na wewe unamuandikia Louise mambo ya videvu!" Nimemuambia aende akachochee maharagwe. Mutoto hajui. Nikiacha kuwaza videvu, nitawaza lile lingine, na nikishaliwaza sitaweza kuinuka kwenye hii kiti.

Asumini ametuma mutu kuuliza kama nimemaliza. Sijamaliza. Nitamaliza namna gani? Nikuandikie nini pale mwisho, kwamba papa yako anakusalimia?

Ngoja kidogo. Charline anapiga kelele huko nje.

Louise. Louise mama. Amerudi.

Niliangusha hata kalamu kwenye majivu. Amerudi na miguu yake mwenyewe. Kofia hana. Amebeba kuku ya mama Mukamugema kwapani, na kuku hiyo ilikuwa imetulia kuliko sisi wote. Nyuma yake mama Mukamugema, na nyuma kabisa muzee Nsanzimana na godoro. Viatu vya papa yako vimefungua midomo mbele, vidole vinachungulia.

Charline alimurukia shingoni. Mimi nilisimama tu. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi tangu siku ya tano, yote yakapotea, likabaki moja.

— Lami imeisha?

Akaangalia chini.

— Mama Louise, kila fasi nilitaka kurudi. Lakini muzee akasema hawezi kuniacha nirudi peke yangu kwenye risasi, anisindikize kidogo. Tukisharudi kidogo, mimi tena naona haya, nageuka naye.

Ule upuuzi wa katekista, Louise, safari hii na mabomu juu yake! Walipanda na kuteremka hivyo mpaka risasi zikawafungia barabara huko juu ya Kibati. Wakajificha kwenye mawe ya volkano, wamelala chini kama mijusi, hawana maji. Walipotoka, wakakuta mama Mukamugema anateremka na watu wengine.

— Bwana yako ana adabu ya kuua mutu, muzee Nsanzimana akaniambia, anacheka, machozi yanatoka.

Mama Mukamugema hakucheka.

— Wanaume wawili wanapeana heshima barabarani, na mimi nabeba godoro peke yangu!

Huyu mama nimemupenda hapo hapo.

Wakakaa, wakavua viatu, wakala maharagwe. Sahani zilipokwisha, muzee akapangusa mikono, akashukuru, akasema sasa wanaomba ruhusa, waende kambi ya Mugunga na wale wengine, watafute fasi kabla hakujajaa. Hiyo maneno "ruhusa" ilikuwa haijatoka vizuri mudomoni, papa yako akaanza kupapasa chini ya benchi, anatafuta viatu vyake.

Viatu vilikuwa chini yangu. Nilikuwa nimevikalia.

Nikasema: "Muzee, katika nyumba hii mutu akiaga, bwana yangu anakufa. Kwa hiyo hautaaga. Chumba cha Louise kiko, na godoro munalo."

Mama Mukamugema akachukua kuku akaingia nayo chumbani, hakungoja wanaume wamalize kufikiri.

Charline anasema niko na roho nzuri. Hapana. Mutu asiyeondoka hasindikizwi, njo hesabu yangu yote. Ungesikia wazungu wa misaada wanasema juu ya watu wanaopokea wageni, jinsi wanavyotusifu. Hawajui mambo ya viatu.

Basi chumba chako kina watu sasa, usishangae. Kuku inalala juu ya sanduku lako la nguo, nimetandika gunia.

Mabomu bado nayasikia. Sijui kama tutabaki hapa ama na sisi tutabeba letu godoro. Lakini tukitoka, tutatoka wote kwa mara moja, mulango mumoja, ili asipatikane mutu wa kusindikiza na mutu wa kusindikizwa. Hilo papa yako ameniapia. Nimemuapisha mara ingine, juu namujua.

Na wewe, siku utakapokuja kutuonyesha mutoto, ukitaka kurudi Kisangani usiage. Toroka tu kama mwizi wa kuku. Tutakusema vibaya kidogo, lakini papa yako atabaki nyumbani.

Nisalimie sana Julien. Nisalimie mama mukwe wako Apolline, umuambie shauri lake la kunywa tangawizi nimelishika. Charline anakusalimia, amenuna bado. Papa yako anakusalimia. Umeona? Nimeiandika. Mungu amulete huyo mutoto siku ya kimya, kelele yote iwe ya kwake peke yake.

Asumini amesimama mulangoni na watoto wake, anangoja barua. Papa yako amewaona na mizigo yao. Ameuliza ni nani atawafikisha hawa mpaka kwenye ndege. Mimi simuangalii. Anazunguka nyumba yote, anatafuta.

Mimi mama yako akupendaye, ambaye hajainuka juu ya viatu,

Masika