Taa Nyekundu Niliyomficha Mke Wangu

Mshauri mpendwa,

Naomba uniokoe kabla ya Jumamosi, maana sijui tena nishike lipi niache lipi. Mimi ni fundi cherehani, nina mke na watoto wawili, na nina kigari cha spoti cha zamani, kidogo, chenye tabo ya kuiongezea injini nguvu, ambacho watoto wamekiita Nyigu kwa jinsi kinavyolia kikikanyagwa mafuta. Nakipenda, sikatai. Mwezi uliopita taa nyekundu ya oili ikaanza kuwaka kila nikisimama, nikiondoka inazimika, nikapeleka kwa fundi wa kwanza akasema ni sensa tu, kile kifaa kinachowasha taa, endesha, wa pili akainama akasikiliza injini akasema pampu ya oili imechoka, wa tatu akaona moshi wa bluu kwenye ekzosi akasema tabo inakula oili, nikamrudia wa kwanza akacheka, eti wenzake wanatafuta cha kufanya, na kila mmoja anaongea kwa uhakika wakati mimi najua vifungo na zipu tu.

Mke wangu akasema hapandi gari lenye taa nyekundu. Hapo ndipo nilipoharibu. Nilikata utepe mweusi kwa mkasi wa kazini, kipande kidogo kuliko ukucha, nikakibandika juu ya taa, kikakaa sawasawa. Mke wangu akaingia, akatazama dashibodi, akanipiga begani akicheka: "Baba watoto, kumbe ukiamua unaweza!" Nikawasha gari. Sasa Jumamosi anataka kumpeleka mama yake kwa mdogo wake, safari ya mwendo wa saa nne, na watoto wote wawili wanakwenda. Nikisema ukweli hataniamini tena, na nikinyamaza labda fundi wa kwanza ndiye mkweli. Nimsikilize fundi yupi?

Niliyechanganyikiwa

Ndugu yangu,

Unaniuliza fundi yupi, wakati aliyefanya kazi mbovu kuliko wote ni wewe. Mteja akikuletea suruali iliyochanika, huwa unazima taa ili asione? Pole kwa kuvurugwa. Majibu matatu kwa ugonjwa mmoja yangemchosha yeyote. Lakini kuhusu taa hujachanganyikiwa hata kidogo. Ungeamini kweli ni sensa tu, usingeificha.

Gari haliondoki Jumamosi. Mama mkwe apande basi, na mizigo umbebee wewe hadi kituoni. Leo, injini ikiwa imepoa, chomoa kijiti cha oili utazame. Barua yote hiyo ndefu na husemi kama umewahi kukichomoa! Ikiwa imepungua, jaza, ila usidhani umepona, maana kuna mahali inapotelea. Kisha tafuta fundi atakayefunga geji na kupima presha ya oili kabla ya kukubadilishia chochote. Presha ikiwa nzuri, basi ni sensa. Ikiwa chini, ni pampu au injini yenyewe. Moshi wa bluu nao uchunguzwe peke yake, kwa kuwa mafundi wawili wanaweza kusema kweli kwa pamoja. Hadi hapo, taa ikiwaka, zima injini papo hapo.

Lakini kwanza mwite mkeo, akae kiti cha dereva, ubandue huo utepe akitazama. Usianze na hadithi za mafundi. Anza na "nilikudanganya." Atakununia, pengine wiki nzima, na ana haki. Vumilia. Jumamosi atakuwa jikoni, amekukunjia uso, na wanao wanapiga kelele sebuleni, wote wazima.