Mama Neema Ndani ya Maji

Jumamosi, Butimba



Miaka thelathini na moja nimelala kitanda kimoja na mwanamke huyu!

Asubuhi mke wangu alinisindikiza ziwani kunishikia taulo, kama kila Jumamosi tangu nijiandikishe kwenye haya mashindano ya kuogelea, baiskeli na kukimbia. Baiskeli naiweza. Kukimbia najikongoja, na miaka yangu hamsini na nane. Maji ndiyo yananitisha. Leo nilipofika mbali kidogo, msuli wa mguu ukanikaza, nikameza maji, nikapiga kelele kama mtoto.

Nilidhani atakimbia kuwaita wavuvi. Wapi! Mama Neema alivua kanga, akajitosa na gauni lake, akanijia moja kwa moja, haraka, bila kurusha maji hovyo kama mimi. Akanishika kwapani.

"Tulia, Baba Neema. Usinikumbatie, utatuzamisha wote."

Tulipofika nchi kavu nikamuuliza amejifunza wapi kuogelea. Akanitazama kama vile nimemuuliza jina lake.

"Si nimezaliwa Nansio, kule kisiwani? Tulikuwa tunaogelea kila siku tukitoka shule."

"Sasa mbona hapa hujawahi hata kulowesha miguu?"

"Wiki ile uliyonioa, ulisema mke wa mwalimu haogelei mbele za watu."

Mimi? Nimejaribu kukumbuka mchana kutwa. Sikumbuki kabisa kusema neno hilo.

Yeye anakumbuka mpaka shati nililokuwa nimevaa.