Beki Anayeitwa Ken

Jumatatu, 12 Mei 2025

Nimepata! Mkalimani, mimi Protas, kiwanda cha jezi za makipa, mtaa wa Kangle, huku China. Kiwanda ni jina tu — ghorofa ya tatu, cherehani kumi na nane, ngazi zimejaa marobota ya vitambaa. Bosi ni mama mmoja, Liang, ila hapa bosi yeyote ni laoban. Amemleta kipa mstaafu kutoka Uskochi, Mzee Rennie, miaka sitini na tatu, vidole vyote vimepinda. Jezi zitauzwa kwa jina lake. Mzee anasimulia maisha yake kwa Kiingereza, mimi naandika kwa Kichina, inakuwa katalogi. Tukimaliza, laoban anagonga muhuri mwekundu kwenye barua yangu ya fildi. Chuo kinaitaka kabla ya Ijumaa tarehe 30, saa kumi jioni. Bila muhuri hakuna kuhitimu, na mama kule Bukoba ameshatangaza kanisani.

Laoban aliniuliza Kiingereza changu kikoje. Nilicheka. Mtu wa Bukoba unamuuliza Kiingereza!

Jumatano, 14 Mei

Sijaelewa kitu.

Saa mbili nzima mzee kaongea. Eti ni Kiingereza. Nimeokota "mpira", "mvua" na "mama", basi. Akikubali jambo anasema "ai", na kwa Kichina ai ni upendo, kwa hiyo akina mama wa cherehani wanamwona mtu wa mahaba sana.

Kitu kimoja nimekipata: Ken. Hamalizi sentensi bila Ken. Akihuzunika, Ken. Akicheka, Ken. Kumbe mzee alikuwa na rafiki.

Laoban kauliza kama namwelewa. Nikasema vizuri sana.

Jumamosi, 17 Mei

Nimemsimulia Fathiya. Huyu ni Mzanzibari, ananunua magauni Zhanqian Road na kuyapeleka Unguja, na ulimi wake hauna breki. Akasema niende kwa laoban nikaseme kweli, kuuliza si ujinga. Nikamwambia hajui maana ya hadhi.

"Wahaya nyie haya hamnayo," akasema, "ila kuuliza tu ndiko mnakoonea haya."

Akacheka mpaka Mchina mwenye duka naye akacheka, bila kujua kwa nini. Sikununua hata soksi. Niliondoka.

Hata hivyo nimeandika. Nilipomsikia mzee, niliandika. Nisipomsikia, nilimsaidia. Nimempa makombe matatu. Nimempa penati ya dakika ya tisini. Na Ken nimemfanya beki wake wa kati, mrefu, mkimya, anayemlinda kipa wake kama ndugu wa tumbo moja. Ukurasa wa Ken ni mtamu kuliko zote. Nimeusoma mara nne.

Jumanne, 20 Mei

Laoban amelia! Ukurasa wa Ken huo. Anasema wanunuzi wanapenda urafiki. Kaamuru jezi za Ken zishonwe pia, namba tano, jina mgongoni. Elfu tatu! Cherehani hazipumui.

Kisha akataka jina la pili la Ken. Nikamuuliza mzee polepole, neno moja moja: Ken ni nani? Akakunja uso, akajibu, "Ken wit?"

Wit gani? Bila shaka White, mwisho kaumeza. Nimeandika Ken White.

Jumamosi, 24 Mei

Laoban anamtafuta Ken White! Katangaza kwenye makundi yote ya wageni mtandaoni, China nzima. Nikamwambia kwa umri ule huenda Ken ameshafariki. Akasema basi atafutwe mjane.

Sijala vizuri leo.

Jumatatu, 26 Mei

Mawe! Mama wee!

Mzee kaamka na mafua, sauti hakuna. Akaniandikia maisha yake kwa mkono, kurasa nne, mwandiko safi kama wa mwalimu wa darasa la kwanza. Nikamtafuta Ken. Yupo kila mstari — kwa herufi ndogo! Jina la mtu kwa herufi ndogo? Nikafungua kamusi ya kwenye simu. Kwao Uskochi, ken ni kujua. Mzee wa watu alikuwa anasema "unajua". Unajua, mvua ilinyesha. Unajua, mama alifariki. Na ile "Ken wit?" yake alikuwa ananiuliza mimi: kujua nini?

Nikasoma zote nne. Hakuna kombe. Alikaa benchi miaka kumi na moja, nyuma ya kipa ambaye hakuugua hata mafua. Mechi zake zote, ishirini na sita. Siku aliyodaka penati uwanjani kulikuwa na watu mia mbili na mvua, na mama yake hakuja kwa sababu ya miguu. Hakuna aliyewahi kumuuliza habari ya siku hiyo, anasema. Akifumba macho bado anausikia mpira ukimgonga kiganjani.

Nimeona aibu, aibu ya kweli. Mtu ana maisha yake, mazuri tu, mimi nimemshonea mengine.

Nikaenda kwa laoban kukiri. Barua yangu iko mezani, muhuri pembeni yake. Sijafungua mdomo, akaniambia Ken amepatikana.

Nikasema hongera.

Alhamisi, 29 Mei

Naandika nikiwa chooni, uwanja wa ndege wa Baiyun.

Ken White yupo. Mkanada, mwenye upara, anafundisha Kiingereza Chengdu. Kamwandikia laoban kwamba anamkumbuka kipa wake kama jana. Tiketi ya bure na hoteli siku tatu, nani asingekumbuka! Najua ni mwongo. Lakini nikimtaja, najitaja.

Tumekuja kumpokea watatu. Mzee Rennie hakuambiwa kitu, laoban alitaka kumshtukiza. Barua kaja nayo, na muhuri umo mkobani. Ahadi yake ni kwamba nikishatafsiri maneno ya kwanza ya marafiki hawa, anagonga papo hapo. Chuo kinafunga mlango kesho.

Mtu akatoka, kavaa jezi yetu namba tano. Akamkumbatia mzee, akambana, na machozi juu! Halafu, juu ya bega la mzee, akaninong'oneza kwa Kiingereza safi, cha kwanza kukielewa chote wiki hizi tatu:

"Huyu mzee anaitwa nani?"

Laoban akauliza amesema nini.

Nikafungua mdomo. Mzee Rennie akaniwahi, kanishika mkono kwa vile vidole vyake, macho yamejaa. Tangu zile kurasa nne namwelewa, laiti nisingemwelewa.

"Kijana, mtu huyu kaja kutoka mbali hivi kwa ajili yangu? Alikuwepo siku ile ya penati, unajua?"

Nikasema tumbo. Nikakimbia.

Robo saa sasa. Laoban katuma ujumbe mara tatu, zote anauliza Ken kasema nini. Fathiya nimempigia, kasema waongo wawili wakikutana wanaelewana wenyewe, mkalimani wa nini. Hana msaada yule.

Nimechungulia. Mzee kainama katikati ya ukumbi, mikono kaitanua, anaonyesha alivyoruka. Masanduku mawili ndiyo milingoti ya goli. Mkanada anarudi nyuma, anapima hatua za kupiga penati. Abiria wamesimama wanatazama. Sijawahi kumwona mzee akicheka hivi. Laoban anawapiga picha, barua yangu kaibana kwapani.

Kaniona. Ananiita kwa mkono.