Kikombe cha Mdakaji

Somo yangu Maryam,

Nimeketi dirishani kwangu hapa Winson Green, na nina habari ambayo ilipaswa ifike kwako kabla ya kufika kwa mtu mwingine yeyote. Lakini nitaisimulia kwa utaratibu, maana hukupenda mtu anayeanzia mwisho. Ulikuwa ukiniambia, "Kwanza mtu, somo, halafu jambo." Basi naanza na mtu, na mtu mwenyewe ni wewe.

Unakumbuka tulivyokutana? Nilikuwa ndani ya basi la Coventry Road, natoka zamu hospitalini, nanung'unika peke yangu kwa Kiswahili juu ya baridi ya nchi hii ya Waingereza. Sauti ya Kiunguja ikaniambia kutoka kiti cha nyuma, "Hata ukiitukana vipi, haisikii Kiswahili hiyo." Niligeuka nikakuona, mtandio wa samawati, mkoba mapajani, umekaza uso kana kwamba hukusema kitu. Tukaulizana majina. Mimi Mariamu wa Voi, muuguzi, mtu wa kanisa. Wewe Maryam wa Unguja, uliyekuja kuishi kwa kaka yako Salum pale Small Heath, mpiga chapa katika ofisi ya gazeti dogo la mtaa. Toka siku ile majina yetu hatukuyatumia tena. Ikawa somo kwa somo.

Besiboli tuliikuta kwa bahati. Ilikuwa Jumapili mchana, nimetoka kanisani, tunakatiza bustanini, tukakuta wanaume wamevaa soksi ndefu, mmoja anarusha mpira, mwingine kashika gongo, wengine wamesambaa majanini wanangoja. Mimi niliona vituko. Wewe ulisimama, ukatazama kwa muda, kisha ukasema, "Huu ni kama nage kwetu, mchezo wa kulengana mpira, ila huyu wamempa gongo ajitetee." Nikakuambia twende, miguu inaniuma. Ukaketi chini kwenye majani, na koti lako lile zuri.

Wiki iliyofuata ukampelekea mhariri wako habari ya mchezo ule. Hakuna aliyekutuma. Gazeti lilikuwa na kriketi na kandanda, na besiboli ilipata mistari miwili ya matokeo tu, wiki nyingine hata hiyo hakuna. Mhariri akaisoma akiwa amesimama, akakuuliza umejifunza wapi kuandika hivi. Ukamjibu kwamba kwenu ulikuwa ukimsomea bibi yako magazeti, na bibi alikuwa hasikilizi kitu kinachochosha. Akaichapa. Chini yake akaweka "M. Salim", kwa jina la baba yako, na kwa misimu kadhaa watu wa besiboli mjini humu wakawa wanamsoma Bwana Salim huyo na kubishana naye kwenye baa.

Nilipenda mengi katika uandishi wako, somo, lakini zaidi nilipenda ulivyomtazama mtu ambaye wengine hawamtazami. Wote walimtazama mrushaji na mpigaji. Wewe ulimtazama mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, uso ndani ya kofia ya waya, akidaka kila mpira mpaka kiganja kinavimba. Uliandika kwamba wachezaji wenzake wote wanaelekea kwake, na yeye peke yake ndiye anayewaona wote nyuso zao, kwa hiyo anajua kabla ya wote ni nani leo anaogopa. Niliposoma sentensi ile nilikuwa chumba cha mapumziko hospitalini. Nilimsomea sista wa wadi yetu. Akasema, "Huyo ni muuguzi."

Mdakaji wa timu ya Small Heath alikuwa Desmond, Mjamaika, mfanyakazi wa kiwanda cha vyuma, mtu mpana mwenye kucheka taratibu. Fainali ya msimu ule nilikuwepo. Mvua ilikuwa ikinyunya, mpira unateleza, na katikati ya mchezo mpira ukamvunja Desmond kidole gumba. Nilikishika mimi mwenyewe, nikamwambia kimevunjika, aende hospitali. Akasema, "Sista, kifunge tu." Nikakifunga kwa plasta pamoja na kidole cha pili, akarudi kuchuchumaa. Karibu na mwisho mrushaji wa timu yake, kijana Mwingereza aitwaye Colin, akaanza kurusha ovyo. Uso ulikuwa umempauka. Desmond akamwendea polepole, akamwambia neno, Colin akacheka, na baada ya hapo mipira ikanyooka. Wakashinda. Watu wote walimbeba Colin. Wewe ulimfuata Desmond kumwuliza alimwambia nini. Akakujibu, "Nilimwuliza asubuhi amekula nini." Ukaiandika hivyo hivyo, bila kuongeza chumvi.

Halafu ikaja ile karamu ya mchana ya kufunga msimu, katika ukumbi wa Moseley, ambako chama cha besiboli hutoa tuzo zake. Barua ya mwaliko iliandikwa kwa Bwana M. Salim, mwandishi bora wa mwaka. Ulicheka mpaka ukashika kifua, na mimi nikaogopa, kwa sababu nilijua moyo ule ulikuwa umekusumbua tangu utotoni. Ulivaa gauni la kijani na mtandio mweupe. Nilikaa kando yako.

Kikombe cha mchezaji bora kilitolewa kwanza. Mwenyekiti wa chama, mwenye duka kubwa la samani, alimwita Colin. Watu wakapiga makofi. Nilimtazama Desmond kwenye meza ya nyuma, karibu na mlango wa jikoni, na yeye anapiga makofi kwa mkono mmoja mezani, mwingine bado una bandeji. Ndipo akaitwa Bwana Salim. Ukasimama. Mwenyekiti akatazama nyuma yako, akamtafuta. Kisha akakuuliza kwa adabu kama umekuja kupokea kwa niaba ya mumeo. Ukamjibu, na wote wakasikia, "Sina mume. Nina taipureta."

Ukumbi ulicheka, na mimi nikadhani yamekwisha, utachukua tuzo yako, ile sahani ya fedha, tukale. Lakini ukaishika ile sahani ukaitazama, ukasema maneno ambayo nayakumbuka yote. "Nashukuru. Mmenipa hii kwa sababu mnaamini niliyoyaandika. Mwaka huu nimeandika zaidi juu ya mtu mmoja, na mtu huyo ameketi karibu na jiko. Kama niliyoyaandika ni kweli, sielewi kikombe kimempitaje. Kama si kweli, basi sahani hii irudisheni."

Mwenyekiti akawa mwekundu, akasema kanuni zinataka kikombe kiende kwa mrushaji au mpigaji, na kanuni hazibadilishwi mezani. Ukamwambia, "Kanuni ni zenu. Habari ndiyo yangu." Ukarudi ukaketi. Nikakusogezea maji. Hapo ndipo Colin alipoinuka na kikombe chake, akapita ukumbi mzima, akavuta kiti akaketi kando ya Desmond. Hakutoa hotuba. Alisema tu, "Siku ile nilitaka kukimbia, Dez, na wewe unajua." Desmond akamsukumia sahani ya viazi.

Kesho yake uliandika yote. Mwenyekiti akapiga simu gazetini: yakichapwa hayo, matangazo ya duka lake yanaondoka. Mhariri akakuita, akakuomba uondoe sehemu ya kanuni. Ulinisimulia jioni ile jikoni kwa Salum, unakata vitunguu. Ulimwambia, "Ukiiondoa, niondoe na mie." Nilikugombeza. Nilikuuliza kazi utapata wapi, na Mwafrika gani mwingine anakaa ofisi ya gazeti mji huu. Ulisema tu, "Somo, mie nimeona." Siku gazeti lilipotoka habari ilikuwa nzima, na chini yake, kwa mara ya kwanza, jina kamili: Maryam Salim. Matangazo yaliondoka kweli. Mhariri hakukufukuza. Alikuwa mtu wa maneno machache, na nadhani alikuwa akisubiri miaka mingi mtu amlazimishe kuwa jasiri.

Msimu uliofuata hukuuona. Februari moyo ulichoka. Uliletwa hospitalini kwetu, wadi ya chini ya yangu, na kila nikipata nafasi nilishuka. Siku ya mwisho tuliyozungumza, ulitaka kujua kama kidole cha Desmond kimepona sawasawa. Nilikuambia kimepinda kidogo. Ukasema, "Basi akirusha mpira nao utapinda," ukacheka bila sauti. Salum na wanaume wa msikitini wakakuzika kwa heshima kubwa. Mimi nilibaki na wanawake nyumbani, nikaosha vyombo, sikuweza kukaa kitako.

Sasa jambo lenyewe.

Wachezaji wa timu zote waligoma mchezaji bora kuchaguliwa na kamati ya chama. Colin ndiye aliyeanza kuzunguka na hoja hiyo, timu kwa timu, hata za Moseley zilizokuwa upande wa mwenyekiti. Wakakubaliana mchezaji bora apigiwe kura na wachezaji wenyewe, na mtu wa nafasi yoyote aweze kuchaguliwa. Jana walihesabu kura mbele ya watu. Desmond ameshinda, somo. Ameshinda kwa mbali. Alipoitwa alisimama, akaketi tena, na mke wake ndiye aliyekwenda kumchukulia kikombe. Hata mwenyekiti alipiga makofi. Nakuambia kwa sababu ungetaka iandikwe: alipiga makofi.

Leo asubuhi Desmond na mkewe walikuja kwangu, tukaja kaburini kwako pamoja na Salum. Desmond alivua kofia. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Yule dada aliniona kazini." Ni hivyo tu. Tulipotoka langoni alinishika mkono nisianguke, maana nilikuwa sioni njia.

Mama yako ameandika kutoka Unguja. Sahani yako Salum alimpelekea, na ameiweka barazani, lakini anauliza mwanawe alipewa kwa sababu gani, na mchezo huo ni mchezo gani. Salum ameshindwa kumweleza. Nimeomba likizo. Nakuahidi, somo, nitakwenda mwenyewe, nitaketi naye, na nitamsomea ulichoandika, habari moja baada ya nyingine. Nimeanza kuzitia Kiswahili usiku huu. Si kazi rahisi. Sentensi zako hazikubali kusukumwa. Kwenye "mdakaji" nimekwama, nachelea mama atadhani ni askari wa kukamata wezi. Nitamchorea.

Lala kwa amani, Maryam. Ulikuwa mwandishi, na mama yako atalisikia hilo kwa lugha yake.

Wako,
Mariamu