Jeneza la Msikiti na Misumari ya Inchi Mbili

Jumatatu, 3 Juni
Vitanda viwili kabla ya adhuhuri. Hii bunduki ya misumari ni raha jamani! Ta, ta, ta, kazi imekwisha. Marehemu baba angeniona angesonya. Yeye akishapigilia, lazima apitishe kiganja upande wa pili wa mbao, apapase kama ncha imetokeza. Mimi sina wakati huo.

Jumanne, 4 Juni
Imamu kaniletea jeneza la msikiti wetu. Mti mmoja wa kubebea umepasuka. Nimeupachika ubao kwa juu. Kazi ya thawabu, sichukui kitu.
Mti na ubao kwa pamoja havifiki inchi mbili. Hapo ni misumari ya inchi moja na nusu. Imeniishia. Niende hadi Mwembe Tayari kununua, na alasiri ndiyo hii? Nimetia ya inchi mbili. Itamezwa tu.

Alhamisi, 6 Juni
Bi Rukia amefariki alfajiri. Mamake Swaleh, sahibu yangu tangu chuoni. Tumemzika baada ya adhuhuri.
Jeneza hupokezanwa, hatua chache kila mtu, wote wapate thawabu. Swaleh alikataa kupokewa. Kutoka msikitini hadi makaburini, bega lile lile, meno kayauma, machozi yanamtoka. Tukasema ni uchungu wa mama.
Tulipolitua, kanzu yake ilikuwa nyekundu, begani hadi kifuani. Damu, yarabi! Nikapapasa chini ya mti. Ncha tatu. Misumari yangu!
Nikajifuta vidole, nikaungana na wanaofukia kaburi.

Ijumaa, 7 Juni
Swaleh kachomwa sindano ya pepopunda. Bega limemvimba.
Barazani wanamlaumu Mzee Kombo, mtunza msikiti. Eti kaliacha jeneza na misumari mikuukuu. Wamemkaripia mbele yangu, mtu mzima yule. Kainamisha kichwa. Nami nikanywa kahawa yangu hadi chini. Najichukia, wallahi.

Jumamosi, 8 Juni
Nimekwenda matangani. Nimesema mbele ya watu wote. Misumari ni yangu. Nilijua ni mirefu. Sikupapasa. Nikamwomba radhi Mzee Kombo.
Swaleh akanitazama. "Nilihisi kinanichoma," akasema. "Nikadhani ndivyo inavyouma kumbeba mama."
Akaingia ndani.
Nilisimama pale uchochoroni sijui niende wapi. Heri angenizaba kofi. Heri angenitukana.

Jumapili
Bunduki sijaigusa.

Alhamisi, 13 Juni
Nimenunua misumari ya inchi moja na nusu, iliyopakwa zinki, chumvi ya bahari ya hapa isiile. Nimelileta tena jeneza karakanani, nimelitia mti mpya. Nimepitisha kiganja mara tatu.
Swaleh akaja karakanani. Hakutoa salamu. Mkono kautundika kwa leso ya mamake. Akapiga magoti, akapitisha kiganja cha mkono mzima chini ya mti, taratibu, mwanzo hadi mwisho. Kisha akazunguka, akaupapasa na ule wa pili, ambao sikuutia msumari hata mmoja. Nikampisha.
Alipomaliza akaenda nyuma ya jeneza, akatia bega lililo zima. Nikashika mbele. Tukalirudisha msikitini.