Maonyo Mia Tatu na Kumi

4 Februari

Binti yangu,
Hujambo huko? Mimi mzima, magoti tu yananisumbua. Mdomo bado una nguvu. Jirani anatangaza kila kona kwamba umeachishwa kazi kwa kuharibu programu ya majokofu ya dawa, na kwamba mwanawe, bosi wako, ndiye aliyeiokoa. Wewe! Uliyetengeneza redio yangu ukiwa darasa la tatu! Niambie ukweli nipate cha kumjibu.
Mama yako

11 Februari

Shikamoo Mama,
Sijambo, ila chakula hakipiti. Sikuharibu kitu. Tukiandika kwa C, lugha ya kuandikia programu, kuna programu nyingine inayogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine, na ikiona hatari inatoa onyo. Bosi aliyazima maonyo yote. Eti kelele, mbona kwake inafanya kazi! Joto la jokofu alilihifadhi kwenye aina ya namba ambayo mashine za zamani huisoma hadi chini ya sifuri. Mashine mpya huanzia sifuri, na kilicho chini yake hukihesabu kurudi nyuma kutoka mia mbili hamsini na sita. Nyuzi tano chini ya sifuri zikawa mia mbili hamsini na moja juu! Wauguzi wakadhani dawa zimeiva, wakazitupa. Mimi ndiye niliyepakia programu ya majokofu kwenye mashine mpya, basi nikabebeshwa lawama.
Mwanao

15 Februari

Binti yangu,
Pole, kula. Kisha nenda kwa mkurugenzi, uyawashe hayo maonyo mbele ya watu wote, uyasome kwa sauti kama matokeo ya mtihani. Usimpigie mtu magoti. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini wakati mwingine anahitaji kusukumwa.
Mama yako

2 Machi

Shikamoo Mama,
Nakula sasa. Nimeyasoma mbele ya mkurugenzi: mia tatu na kumi. La kumi na nane lilikuwa la joto, likataja hadi mstari, na mstari ule aliuandika bosi mwenyewe. Nimerudishwa, na cheo chake nimepewa mimi. Nimeamuru kila onyo lihesabiwe kosa: programu haijengeki mpaka yote yaishe. Anayeyamaliza ni yeye, kwenye meza inayotazamana na yangu. Jana alilinyamazisha moja bila kulitibu, nikamrudishia. Leo ameomba msaada. Mama, nilifurahi mpaka nikajiogopa.
Mwanao

9 Machi

Binti yangu, mkuu wa kitengo,
Furaha hiyo umeirithi, usiiogope. Jirani alikuja leo, akakaa ukingoni mwa kiti, sauti chini. Anasema mwanawe amekonda, macho mekundu, na kafika onyo la arobaini tu. Ameniomba nikuandikie umpe msaidizi. Nimempa maji, nikamwahidi kuandika leo leo. Mimi sivunji ahadi, barua ndiyo hii.
Usimpe.
Mama yako